Ripoti ya kinyama cha mama mdogo imeandikwa HER2 2+ na Ki-67 40%, ndio kusema imeshasambaa?

BintiKilosa:
Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari zenu. Naombeni msaada wa kusoma majibu maana nyumbani sa hivi kila mtu ni daktari na mgonjwa mwenyewe anasikia yote.

Mama yangu mdogo ana hamsini na kitu, alipata uvimbe titi la kushoto, ulikuwa hauumi kwahiyo akauacha, baadae akaanza kuhisi kitonge kwapani ndio akasema. Tukampeleka hospitali wakamtoa kinyama kwa ile sindano kubwa, majibu yakachelewa, yamekuja karatasi nzima Kiingereza na daktari wa saratani tumepangiwa kumuona wiki ijayo. Nimekopi yaliyoandikwa: saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa, gredi 3 (nimeona wameandika hiyo ni jinsi seli zilivyo tofauti na za kawaida, 3 ndio ya juu), ER hasi, PR hasi, HER2 2+, Ki-67 asilimia 40.

Sasa mjomba anasema 2+ maana yake imeshasambaa sehemu mbili na 40 ni asilimia ya mwili iliyoliwa. Shangazi yeye kasikia hizo ni protini, basi kapiga marufuku mayai, dagaa, maharage, nyama, mama mdogo anashinda na uji mweupe na chai ya rangi. Na kuna jirani kasema kosa tulifanya kukubali sindano, eti uvimbe ukishachomwa ndio unatawanyika. Mwenye kujua aniambie ukweli hata kama ni mchungu, hizo protini ni nini na zinahusika vipi na kusambaa?

FundiSlaidi:
Pole sana dada. Mi niko maabara ya patholojia, upande wa kukata na kupaka rangi slaidi, sio daktari wa kutibu kwahiyo ntasema ya mezani kwangu.

La kwanza, hiyo karatasi haisemi saratani imesambaa wala haijasambaa, haina uwezo huo. Kinyama kilitoka kwenye titi na kinaeleza tabia ya seli za hapo kwenye titi. Kusambaa kunatafutwa kwa vipimo vingine kabisa, ultrasaundi ya tumbo, picha ya kifua au siti skani, skani ya mifupa kama analalamika maumivu ya mgongo au nyonga, na hicho kitonge cha kwapani nacho kichomwe kasindano kadogo ijulikane kina nini. Kwahiyo mjomba atulie, 2+ sio sehemu mbili, na 40 sio asilimia ya mwili. Na jirani naye mwambieni hiyo sindano ndio imetupa tunachojua mpaka sa hivi, bila hiyo daktari anatibu gizani, haitawanyishi ugonjwa mwilini kama anavyosema.

Sasa hizo herufi. ER na PR ni vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni, ni protini zinazokaa ndani kwenye kiini cha seli, zikiwepo maana yake saratani inajilisha kwa homoni na kuna vidonge vya kuizuia. HER2 ni protini ya kwenye utando wa nje, kazi yake kupitisha amri ya kukua. Seli za kawaida za titi nazo zinayo ila kidogo, shida inaanza pale jeni yake inapojinakili mara nyingi, protini zinajaa kwenye utando mpaka zinashikana zenyewe kwa zenyewe na amri ya kukua inaenda muda wote hata kama hakuna aliyeituma.

Tunavyopima ni hivi. Kinyama kinagandishwa kwenye nta, hicho kipande cha nta ndio tunaita bloku, tunakata vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4, tunaweka kwenye slaidi, tunamwagia kingamwili inayoshika protini hiyo tu na sio nyingine, alafu rangi, basi palipo na hiyo protini panageuka kahawia. Daktari wa patholojia anakaa na hadubini anatoa alama. HER2 ikiwa kahawia nzito inayozunguka seli nzima pande zote kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani hiyo ni 3+, ni chanya, mjadala umeisha. 0 na 1+ wanaita hasi. 2+ ni pale mstari umezunguka seli ila umefifia, na hapo dada sikiliza vizuri, 2+ SIO JIBU. Sio chanya sio hasi. Inatakiwa bloku ileile ya nta ipelekwe kipimo kingine kinaitwa FISH ambacho hakiangalii protini, kinahesabu nakala za jeni yenyewe. Nakala zikiwa nyingi mama mdogo ana HER2 chanya na dawa yake ipo, zisipokuwa nyingi basi ni hasi na kwa kuwa ER na PR nazo hasi inakuwa ile wanaita hasi tatu. Hizo ni njia mbili tofauti za matibabu, na nimeshaona 2+ nyingi mno zinaishia hapohapo kwenye karatasi, mgonjwa anatibiwa kana kwamba ni hasi kisa hakuna aliyeuliza. Ulizeni.

Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye seli zikiwa kwenye harakati za kugawanyika, seli iliyopumzika haina. Iligunduliwa mji wa Kiel Ujerumani, ikatangazwa 1983, ndio hiyo Ki, na 67 ni namba ya kishimo cha kwenye sahani ya maabara walichoipatia. Asilimia 40 maana yake kila seli 100 za saratani zilizohesabiwa, 40 zilikuwa kazini. Ni kasi kubwa, siwezi kukuficha, inaendana na hiyo gredi 3. Lakini seli zinazogawanyika haraka ndio hizohizo kemo, yani dawa kali za kuua seli za saratani, inazipiga vizuri.

Na jambo moja la kiufundi. ER hasi inaweza kuwa hasi ya kweli au hasi ya uzembe. Kinyama kikitoka mwilini kinatakiwa kiingie kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini iwe nyingi kuzidi kinyama mara kumi hivi, kikae humo si chini ya masaa 6 na si zaidi ya 72. Nimeshapokea vinyama vimeletwa kwenye kichupa cha maji ya dripu, vingine vimekaa njiani siku kibao juani, hapo protini zinaharibika na slaidi inatoka nyeupe, watu wanaandika hasi. Namna ya kushika hilo ni hii: kwenye slaidi hiyohiyo mara nyingi kuna kamrija kazima ka titi, yani kasikougua, pembeni ya saratani, na mrija mzima lazima uwe na seli zenye ER. Kama mrija mzima umegeuka kahawia na saratani haijageuka basi hasi ni ya kweli. Kama hata mrija mzima ni mweupe, kipimo kimefeli, kirudiwe. Mwambieni daktari amuulize patholojia swali hilo tu, mrija mzima ulishika rangi? Dakika moja kwenye simu.

MamaZuhura:
Mwanangu BintiKilosa pole, na mama mdogo mfikishie salamu zangu, mwambie kuna mwenzie huku kapita njia hiyo na yuko anapika chapati sa hivi.

Mimi yangu ilikuwa ER chanya, nikatolewa titi, nikapigwa kemo na mionzi, na sasa nameza tamoksifeni, hicho kidonge cha kuzuia homoni, miligramu 20 kila siku ya Mungu. Kwahiyo aina yetu sio moja na dawa yangu yeye haitamfaa, nalisema hili makusudi kwasababu watakuja watu hapo nyumbani na vidonge vya fulani aliyepona, msikubali, kila saratani na protini zake.

Hilo la chakula ndio limenipandisha presha. Mpeni mayai! Mpeni dagaa, maharage, samaki, maziwa, uji wa lishe. Hizo protini za kwenye ripoti seli inazitengeneza yenyewe huko ndani, hazitoki kwenye sahani, acha aache mayai mwaka mzima HER2 haiondoki hata moja. Ila akianza kemo amekonda na damu iko chini watamrudisha nyumbani, nimekaa kwenye benchi nimewaona wenzangu wanarudishwa, siku ya dripu imefika damu haitoshi, njoo wiki ijayo, wiki ijayo tena haitoshi. Na kemo ikishaanza mdomo unaota vidonda, chakula kinakuwa na ladha ya chuma, kula kunakuwa kazi, kwahiyo huu muda kabla ya kuanza ndio wa kumjaza. Shangazi mwambieni kwa heshima lakini mwambieni leo, na akibisha aje akae na daktari siku ya kliniki asikie mwenyewe.

Alafu hayo mazungumzo ya asilimia yasifanyike akisikia. Mtu unalala hapo unajifanya umesinzia unasikia ndugu wanagawana siku zako.

Mtafiti_wa_Seli:
FundiSlaidi kamaliza kuhusu vipimo, mi naongezea la kusambaa maana ndio swali lenyewe na ndio ninalosomea.

Seli ya saratani kutoka titini hadi kwenye mfupa ina hatua nyingi na kila hatua ina protini zake. Kwanza ijinasue kwa wenzake. Seli za titi zinashikana kwa protini inaitwa kadherini-E, na kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba saratani inaipoteza ndio inasafiri. Kwa saratani ya vitezi vya maziwa, ile inayoitwa lobula, ni kweli kadherini-E huwa imepotea na ndio maana seli zake zinatembea mstari mmoja mmoja. Ila hii ya mirija kama ya mama mdogo mara nyingi bado inayo na bado inasambaa, na mwaka 2019 kikundi cha Andrew Ewald pale Johns Hopkins kilionyesha kwenye panya kwamba ukiiondoa kadherini-E seli zinavamia zaidi ila zinakufa njiani na usambaaji unapungua. Yani kumbe inazisaidia kuishi safarini. Nalisema hili kwasababu mtandaoni utakuta mtu anauza virutubisho eti vinaongeza kadherini, hakuna kitu.

Baada ya kujinasua, seli zinamwaga vimeng'enya vya kuyeyusha kuta zinazozunguka mirija, zinaingia kwenye damu au mishipa ya limfu, ndio maana kwapani huwa pa kwanza. Kisha zinaenda wapi? Sio popote tu. Daktari wa Uingereza Stephen Paget mwaka 1889 alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi akaona ini na mifupa vinapata sana wakati wengu unaopokea damu nyingi tu haupati, akasema seli ni mbegu na inahitaji udongo wake. Sababu zilikuja kuonekana baadae sana. Mwaka 2001 ilionyeshwa kuwa seli za saratani ya titi zina kipokezi kinaitwa CXCR4, na protini inayokiita, CXCL12, inatengenezwa kwa wingi kwenye tezi za limfu, mapafu, ini na uboho wa mifupa. Haya ndio maeneo ambayo saratani ya titi inapenda. Ikifika kwenye mfupa inatoa protini inayoamsha seli zinazokula mfupa, mfupa ukiliwa unaachia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa humo, saratani inashiba inatoa protini zaidi, mzunguko unaendelea. Dawa kama asidi ya zoledroni zinapewa kukata mzunguko huo.

Hizi hutaziona kwenye ripoti maana bado hazibadilishi matibabu ya mgonjwa. Zinazobadilisha ni ER, PR na HER2, na hizo zenyewe zinatabiri kiasi. Zenye ER chanya hupenda mifupa na zinaweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi, ndio maana MamaZuhura usiache kliniki. Hasi tatu ikirudi hurudi mapema, zaidi miaka ya mwanzo mitatu hadi mitano, na inapenda mapafu na ubongo, ila ikivuka hapo hatari inashuka sana. HER2 chanya nayo ilikuwa inatisha, Dennis Slamon na wenzake kule Los Angeles mwaka 1987 ndio walionyesha wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hiyo ugonjwa unarudi upesi na wanafariki upesi. Lakini mwaka 1998 Marekani ikaruhusu trastuzumabu, watu wanaijua kwa jina la Herceptin, kingamwili inayokaa juu ya HER2 yenyewe na kuizuia, na 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Sa hivi kuna za makampuni mengine zinazofanana nayo kwa bei ya chini. Kwahiyo usiogope FISH ikisema chanya, kwa upande wa dawa ni bora kujua.

Mzee_wa_Tiba:
Dada mi nakushauri kabla ya hayo makemo mpe kwanza dawa ya miti miezi mitatu, kuna mzee namjua, uvimbe unayeyuka wenyewe. Kemo inaua haraka kuliko ugonjwa.

Mtafiti_wa_Seli:
Hapana mkuu, kwa heshima zote, hapa hapana. Gredi 3, Ki-67 asilimia 40, kitonge kwapani, huyu ni mgonjwa ambaye miezi mitatu ni tofauti ya kupona na kutopona. Sasa hivi inawezekana ugonjwa bado uko titini na kwapani tu, hapo madaktari wanatibu kwa nia ya kuponya. Ukishafika kwenye mapafu au ini wanatibu kwa nia ya kuurefusha uhai. Usimpe mtu ushauri huo hadharani, kuna anayesoma kimyakimya ana uvimbe na anatafuta sababu ya kutokwenda.

Jembe_Halimtupi:
Naomba kuuliza hapohapo, kuna kliniki ya mtaani inatangaza kipimo cha damu cha CA 15-3, wanasema kinagundua saratani ya titi mapema bila sindano. Mke wangu nimpeleke? Na hicho si ndio protini pia?

FundiSlaidi:
Ni protini kweli, ila hela yako kaa nayo kaka. CA 15-3 haitumiki kugundua mapema, wengi wenye saratani changa iko kawaida kabisa, na mwenye tatizo la ini bila saratani yoyote inaweza kupanda. Inatumika kwa aliyekwisha kujulikana ana saratani iliyosambaa, kufuatilia kama dawa inafanya kazi, tena pamoja na picha. Kama shemeji hana dalili aende kituo cha afya akaguliwe matiti na mhudumu, kwa umri wa 40 kwenda juu aulizie mamografia, ile eksirei ya matiti. Akiwa na uvimbe basi ultrasaundi na sindano, hamna njia ya mkato.

BintiKilosa:
Mungu awabariki jamani. Nimemsomea shangazi maneno ya MamaZuhura, kanuna kidogo ila jioni hii nimemuona anachemsha mayai mwenyewe. Sasa maswali mawili ya mwisho. Tukisubiri hiyo FISH si ndio muda unaenda, kemo inaweza kuanza kabla? Na hiyo bloku tunaipataje, hospitali iliyotoa kinyama sio tutakayotibiwa, na mapokezi wametwambia mali ya mgonjwa ni karatasi tu.

Sista_Wodini:
Nipo wodi ya saratani, nakujibu kwa tunavyofanya. Kemo inaweza kuanza wakati FISH inasubiriwa, daktari akiona inafaa, kwasababu mara nyingi dawa za mzunguko wa kwanza zinafanana kwa zote mbili, trastuzumabu inaongezwa baadae anapoingia kwenye zile dawa za pili. Ila majibu yawe yamefika kabla ya hapo, ikibidi mpige simu kila wiki. Kabla ya kuanza lazima apigwe eko ya moyo, yani ultrasaundi ya moyo, maana trastuzumabu inaweza kupunguza nguvu ya moyo, na baadhi ya kemo nazo hivyohivyo, kwahiyo hata hiyo msisubiri FISH ndio mkaitafute, ifanyike sasa. Pia ulizeni bima yake inalipia nini mapema, trastuzumabu kawaida ni ya mwaka mzima, dripu kila wiki tatu, msije mkaanza mkaishia njiani.

Na daktari akiamua kuanza na kemo kabla ya upasuaji msishtuke mkadhani wamekata tamaa na titi. Kwa hasi tatu na HER2 chanya zenye kwapa ndivyo inavyofanyika sana, wanaangalia uvimbe unavyosinyaa, na kinyama kitakachotolewa siku ya upasuaji kinaonyesha dawa imefanya kazi kiasi gani. Protini zenyewe zinaweza kupimwa upya hapo, na Mungu aepushe ugonjwa ukija kurudi sehemu nyingine mdai sindano tena, zinaweza kubadilika, aliyekuwa hasi akawa chanya au kinyume chake.

Bloku msibishane na mapokezi. Daktari atakayemtibu aandike barua ya kuomba bloku na slaidi kwenda kwa mkuu wa maabara ya patholojia, kwenye barua kuwe na jina kamili la mgonjwa, tarehe ya kutolewa kinyama na namba ya sampuli, ile ndefu ya juu kulia kwenye ripoti, bila namba hiyo watazunguka na nyie siku nzima. Bloku haihitaji barafu, ni nta, inakaa miaka kwenye kabati, iwekwe tu kwenye kimfuko kisipate joto kali, msiiache kwenye dashibodi ya gari. Mtasaini kitabu kuwa mmeichukua. Na ikisharudi kutoka kwenye FISH irudishwe ilikotoka, itahitajika tena.

BintiKilosa:
Namba nimeiona, iko hapo juu kulia kweli. Jumatatu asubuhi naenda na nakala ya ripoti, na la mrija mzima nimeliandika pembeni nimuulize daktari.